Mkutano Hauitwi Wakati wa Giza

Mtendaji aliyepokea kiti changu ameniomba nimwandikie machache kuhusu kazi. Ni kijana mstaarabu, ana shahada, na wiki ya kwanza tu alishabandua ile kalenda yangu ya ukutani iliyoliwa na mende. Namwandikia yeye na wenzake wote wanaoajiriwa siku hizi kukaa kwenye ofisi za mitaa na vijiji vya kanda hii ya ziwa, mahali ambapo mtu mmoja ni katibu wa mikutano, msuluhishi wa ndoa, mpokeaji wa wageni wa serikali, na mvua ikianza ni mtafuta ndoo za kukinga paa linapovuja.

Vyeo sitavigusa. Cheo nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho, na habari za mshahara wetu hazijazi hata ukurasa. Nitaongea kuhusu mikutano, kwa sababu watu wengi, hata ninyi wenyewe, mnadhani kazi ya mtendaji ni muhuri. Muhuri ukipotea unachongwa mwingine. Mkutano ukiharibika, mtaa mzima unakaa na kinyongo miaka, na wewe unaishi humo humo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji kimoja si mbali na Nansio, kisiwani Ukerewe. Mimi ni Mhaya wa upande wa Muleba, mtoto wa mwalimu Mlutheri, nimekulia kwenye migomba na kahawa. Nilivuka na godoro, birika na barua ya ajira, na nilitapika tangu bandarini hadi ng'ambo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Magesa, alikuja kunipokea gatini. Alikuwa Mkerewe mfupi, kofia ya sufi kichwani na jua linawaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na barua ya ajira."

"Barua walishaniletea. Nauliza, viatu vya matope umekuja navyo?"

Sikuwa navyo. Nilikuwa na viatu vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya kuonekana mtendaji, na kabla hatujafika ofisini kimoja kilibaki kwenye tope, na mbuzi wakakitazama kwa huruma kuliko nilivyotazamwa mimi.

Kazi ya kwanza niliyokuta mezani ni kuitisha mkutano mkuu wa kijiji. Tarehe ilitoka wilayani, ikapitia kata, ikanifikia ikiwa imeshapigwa chapa. Mgambo akapita na filimbi akitangaza kila kona. Siku ilipofika nilivaa gauni la kanisani, nikapanga viti, nikakaa. Wakaja mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, na mlevi mmoja ambaye kumbe hakuja, alilala pale pale tangu jana. Mzee Magesa naye alikuwepo, anatafuna muwa bila haraka.

"Mzee, ulijua hawatakuja?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuja tarehe imeshaandikwa. Kitu kikishaandikwa sisi tunakiheshimu," akasema, akatema makapi ya muwa. "Twende nikuonyeshe kijiji chako kilipo."

Akanipeleka ufukweni. Kijiji kizima kilikuwa kule. Mitumbwi ilikuwa imeingia asubuhi imejaa dagaa, na wanawake walikuwa wanawamwaga kwenye vichanja, wanawatandaza, wanawageuza, wanafukuza ndege, hakuna aliyenyanyua uso. Ndipo aliponieleza jambo ambalo semina zote nilizohudhuria baadaye hazikunifundisha. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, zile siku ambazo usiku hakuna mbalamwezi, ili wafuate taa za wavuvi. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hutawanyika, mitumbwi hupandishwa nchi kavu, na watu hupata nafasi ya kushona nyavu, kuoa, kugombana na kukutana na serikali.

"Mkutano hauitwi wakati wa giza," akasema. "Ukiuita, utapata akidi ya mwalimu na mlevi."

Akidi, kwa wasiojua, ni idadi ya watu inayotosha kuufanya mkutano uwe halali. Mzee Magesa alikuwa na sheria yake juu ya ile ya serikali. Alisema akidi si wingi wa vichwa, ni kina nani. Kama unajadili kisima na wachota maji hawapo, hata uwanja ukijaa hujafanya mkutano, umefanya mkusanyiko. Nilicheka siku hiyo. Baadaye niliacha kucheka, nikaanza kutazama juu kila mara kabla ya kuandika tarehe.

Alinifundisha na mengine. Wanawake waongee kwanza, kwa sababu ndio wanaoondoka mapema kwenda jikoni na wanaume hawana pa kwenda. Mkutano ukifungwa usikimbilie ofisini, tembea na watu wanaorudi makwao, maana maneno waliyoogopa kusema uwanjani huwatoka njiani. Na aliyenyamaza usimwandike kwamba amekubali. "Hajakubali huyo," Mzee Magesa alikuwa akisema, "ameweka akiba." Alifariki mimi nikiwa nimeshahamishiwa mjini Mwanza, na nilivuka kwenda kumzika nikitapika vile vile kama mwanzo. Namkumbuka kila ninapoona muwa.

Mjini nilianzia Mkuyuni. Huko mbalamwezi haina kazi, watu wanaishi kwa soko. Ugomvi ulikuwa mitaro, meza za biashara zilizopandiana, na spika za mahubiri zikishindana na spika za muziki. Pale nilijifunza kufanya mikutano watu wakiwa wamesimama. Msemaji mwenye miguu inayouma hana hotuba ndefu. Zaidi ya hapo Mkuyuni ilinifundisha kelele, na somo hilo halihitaji maandishi.

Sasa nije kwenye mtaa wangu wa mwisho, ambao ndio hasa kijana wangu anauhitaji. Uko ufukweni, ukishapita Pasiansi. Jina nitaliacha, wenyewe watajijua. Chini kabisa, kando ya maji, ni kambi ya wavuvi na wanikaji wa dagaa. Juu kabisa, kwenye mawe, ni shule ya msingi. Katikati ni chuo. Njia ya miguu kutoka kambini kwenda shuleni ilikuwepo kabla ya chuo, nacho kilipojengwa kilikaa juu yake, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona tatizo. Watoto wa kambi walipita asubuhi na jioni katikati ya mabweni, wakisalimia "shikamoo" wanafunzi wa chuo ambao wenyewe walikuwa watoto.

Mtaa ukakua na chuo. Wenye viwanja walijenga vyumba vya kupangisha wanachuo. Wahadhiri nao walijenga kwetu, nyumba za mageti, watoto wao wakichukuliwa na mabasi ya njano kwenda shule za mbali. Wote ni wakazi, wote wana haki ya kunyoosha mkono. Ninyi vijana msije mkafanya kosa la kudhani mwenye geti si mkazi.

Halafu wizi ukaanza. Kompyuta, simu, nguo kwenye kamba. Mwisho binti mmoja wa mwaka wa pili alivamiwa kwenye ile njia magharibi, akanyang'anywa mkoba na kuvunjwa mkono. Chuo kikaamua kujenga ukuta kuzunguka eneo lote, na kikaleta barua ofisini kwangu kikiomba mkutano mkuu wa mtaa uridhie njia ifungwe.

Njia ikifungwa, mtoto wa kambi anabaki na barabara kubwa tu. Barabara ile haina kando ya kupita mtu. Inapita malori ya mchanga na magari ya samaki yanayokimbizana na barafu inayoyeyuka. Mtoto wa darasa la kwanza aipite peke yake, aende na arudi, kila siku ya shule. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na kila lililofuata lilihusu hilo.

Kwenye kundi la mtaa la simu watu waligawanyika mapema. Wenye vyumba walitaka ukuta, kwa sababu wazazi wa wanachuo walikuwa wameanza kuuliza maswali. Mmoja aliandika kwamba watu wa dagaa wamezoea kupita popote na harufu yao. Nilimjibu pale pale kwamba harufu hiyo ndiyo inayotokea jikoni kwake kila Jumatano, nimeisikia mwenyewe. Mtendaji hatakiwi kujibu hivyo. Nilijibu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwa Bwana Sospeter, Msukuma wa Magu, mfugaji aliyeuza ng'ombe akajenga vyumba. Mtu mwema sana, kasoro yake ni kutaka kila mtu acheke. Kwa mujibu wa taratibu mwenyekiti ndiye mwenye mkutano, mimi ni katibu wake. Alikaa na kupanga tarehe kwa uangalifu mkubwa. Alikwepa siku ya gulio, alikwepa arobaini ya marehemu fulani, alikwepa harusi, alikwepa hata mechi ya watani wa jadi. Kisha akaiweka katikati ya giza.

"Mwenyekiti, hiyo wiki kambi nzima iko kwenye vichanja."

"Mama Mtendaji, habari za mbalamwezi tena? Hapa ni manispaa, siyo Ukerewe."

"Dagaa hawajui manispaa."

Akacheka sana. "Tarehe imeshatangazwa, mama. Na chuo wanataka majibu."

Sikuwa na mamlaka ya kuifuta. Nilichoweza ni kumtumia ujumbe Mama Kulwa. Yeye alikuwa mwanikaji wa dagaa na pia mwenyekiti wa kamati ya shule, alichaguliwa na wazazi kwa sababu alikuwa haogopi mwalimu mkuu. Alikuwa na pacha, Kulwa na Doto, darasa la kwanza. Akanijibu kwa neno moja: "Nimesikia."

Mkutano tuliufanya shuleni, kwenye darasa la sita, asubuhi. Mbele kulijaa wahadhiri, wenye vyumba, wachungaji wawili na wastaafu. Nyuma madawati yalikuwa matupu. Nilisimama nikasema kwamba waliopo ni wakazi halali, lakini wenye watoto wanaopita njia hiyo hawapo, wako kazini, na nikaomba tuahirishe.

Alinijibu Daktari Mutalemwa, mhadhiri wa chuo, daktari wa vitabu si wa sindano. Ni Mhaya mwenzangu, kijiji chao na chetu vimetenganishwa na mto. "Kila mtu ana kazi, mama. Mimi nimeahirisha mtihani ili niwe hapa." Halafu akaeleza habari za yule binti. Kumbe yeye ndiye aliyemkuta njiani, ndiye aliyembeba hadi hospitali, shati lake likalowa damu. "Sitaki kumbeba mwingine," akasema, na sauti ikamkatika. Hakuwa anaigiza. Kama kura ingepigwa dakika ile, njia ingefungwa, na hata mimi nisingejua pa kuanzia kupinga.

Mlango ukafunguliwa. Mama Kulwa aliingia na magamba ya dagaa yamemkauka hadi viwiko. Mtu mmoja akasogea kusukuma dirisha liwe wazi zaidi. Nilimwona, na bado namsalimia kwa baridi.

"Mwangaluka," akatusalimu kwa Kisukuma.

Wasukuma wachache waliokuwepo wakaitikia, wakiongozwa na mwenyekiti mwenyewe.

"Naitwa Mama Kulwa, ni mwenyekiti wa kamati ya shule hii ambayo mmekalia madawati yake. Sikuja kukataa ukuta. Yule binti aliumizwa, ni mtoto wa mwanamke mwenzangu. Na huyo mwizi hata kambini anatuibia. Mimi naomba vitu viwili. Kwenye ukuta muweke mlango. Na mtupe tarehe nyingine, wenzangu nao waje waseme kwa midomo yao, siyo mimi niwasemee kama vile wamekufa."

Hapo giza likaingia darasani. Kutoka dirishani tuliona ziwa limegeuka rangi, na mvua inakuja juu ya maji, nyeupe, imenyooka. Kila aliyezaliwa au kuishi Mwanza alijua maana yake. Vichanja vyote vya ufuko mzima vilikuwa vimetandazwa. Dagaa wakilowa baada ya kuanza kukauka, hawafai tena kwa mboga, wanakwenda kuwa chakula cha kuku.

Mama Kulwa alitazama dirishani mara moja, kisha akatugeukia.

"Mama Kulwa," mwenyekiti akasema, "mvua hiyo."

"Naiona, mwenyekiti. Nilikuwa nasema mlango." Matone ya kwanza yakagonga bati. Akapandisha sauti. "Doto anaogopa magari. Mtoto anayeogopa, Mungu anamsaidia. Kulwa haogopi kitu chochote, na huyo ndiye ninayemwogopea mimi. Balabala ile inachukua watoto wa aina ya Kulwa. Nimemaliza."

Akakaa. Akakaa kweli, kwenye dawati, mikono mapajani, akisubiri mkutano uendelee, na mvua inaongezeka juu ya bati. Nilitaka kumwambia akimbie, na nilijua hatakimbia, kwa sababu akitoka pale kura itapigwa.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Bwana Sospeter. Mfugaji ni mfugaji, mvua haiwezi kuharibu mali ya mtu mbele yake akakaa. Alisimama, kiti kikaanguka. "Mkutano umeahirishwa!" akapaza sauti. "Dagaa wanalowa! Twendeni!"

Tukakimbia. Wachungaji, wenye vyumba, wastaafu, wote tuliteremka tukipita katikati ya chuo, na wanachuo walipotuona wakadhani kuna moto, wengine wakatufuata. Daktari Mutalemwa aliteleza kwenye jiwe akatua kwa makalio, akainuka, akaendelea. Kule chini wanawake walikuwa wanakusanya wakilia kwa hasira. Nilishika ncha moja ya turubai, daktari akashika nyingine, suti yake ikiwa tope tupu. Tuliokoa wengi. Kichanja cha Mama Kulwa kilikuwa cha kwanza kupigwa na mvua, na dagaa wake hatukuwaokoa. Aliwatazama kidogo, kisha akaitazama suruali ya daktari, akaanza kucheka, na daktari naye akacheka. Njia tuliyoipita, ile ile iliyotakiwa kufungwa, hakuna aliyeitaja. Mimi nilikuwa katibu, nikanyamaza.

Mkutano wa pili uliitwa mbalamwezi ikiwa imekomaa. Bwana Sospeter alikuja kuniuliza tarehe mwenyewe, akijifanya ni wazo lake. Ilibidi tutoke darasani tukae uwanjani. Wavuvi walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, na walibishana na wahadhiri hadi jua likawa utosini. Kuna aliyeitwa mwizi, kuna aliyeitwa msomi kwa namna ya tusi, kuna aliyetoka kwa hasira akarudi kwa sababu alisahau kofia. Mwisho wakakubaliana ukuta ujengwe, uwe na mlango kwenye njia, askari wa chuo aufungue watoto wanapokwenda na wanaporudi shule, aufunge usiku. Daktari Mutalemwa akaongeza taa kubwa iwekwe pale pale, kwa ajili ya mabinti wa chuo, na waliokuwa wa kwanza kumpigia makofi ni wanawake wa kambi.

Msidhani niliishia hapo. Azimio la mkutano ni karatasi, na tofali halisomi. Mafundi walikuja, wakachimba msingi, nao ukapita kwenye njia moja kwa moja bila kuacha nafasi. Nilimuuliza msimamizi wao.

"Ramani haina mlango, mama. Mimi najenga ramani."

Nilipiga simu, nilipeleka barua, nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi za chuo. Kila mahali nilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Hayo ni maneno yetu sisi watu wa serikali, nimeyatumia mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo nilielewa kwamba hakuna anayeshughulika. Ukuta ulikuwa umefika magotini pande zote mbili za njia, na kwenye njia yenyewe msingi tayari umeshamwagwa.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mgambo tubebe meza. Tukaiweka juu ya msingi, katikati ya njia, na kiti, na muhuri, na kidau cha wino. Nikabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi: huduma za mtaa zinapatikana njiani, jirani na chuo. Nikakaa.

Sasa kumbukeni ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo, na kila mwanachuo anayepanga mtaani alihitaji barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtendaji. Walikuja wakapanga foleni. Foleni ikashuka hadi kambini upande mmoja na kupanda hadi maktaba upande mwingine, na fundi hakupata pa kuweka hata tofali moja. Nilihudumia kila mtu kwa adabu zote na bila haraka yoyote. Mjane aliyetaka barua ya mirathi nilimsikiliza historia yote ya ukoo.

Msidhani sikuogopa. Nilipigiwa simu kutoka juu, mtu ninayemheshimu, akaniambia, "Mama, umebakiza kidogo ustaafu, usijiharibie." Nilirudi nyumbani siku hiyo na simu ile kichwani. Nilifikiria miaka yote ile, ikaishie kwenye barua ya onyo kwa sababu ya mlango. Nikamfikiria Kulwa ambaye haogopi kitu. Asubuhi nikarudi kwenye meza yangu.

Daktari Mutalemwa alinifuata pale. Akanisemesha kwa Kihaya, kwa jina langu la nyumbani, polepole, ili foleni isisikie. "Koku, waitu, mtu wa kwetu, mimi ni mwajiriwa wao. Unaniweka mahali pabaya."

Nikamjibu kwa Kiswahili, ili foleni isikie. "Daktari, mlango huu tuliupitisha pamoja na taa yako. Nikiondoka hapa, na taa yako imeondoka."

Akakuna kidevu. Halafu akapanda kwenda juu kwenye ofisi za wakubwa wake. Sijui alisema nini huko, na hajawahi kuniambia. Ninachojua ni kwamba mafundi waliendelea kujenga kulia na kushoto kwangu, ukuta ukanipita kichwa pande zote mbili nikiwa nimekaa, hadi siku moja akaja fundi wa kuchomelea na futi yake. Akaniomba nisogee kidogo, akapima meza yangu, akaandika. Mpaka leo mlango ule una upana wa meza ya serikali, na watoto wawili wanapita bega kwa bega. Taa nayo inawaka.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo, na barua ya onyo haikuja. Ofisi za juu ziliniandalia hafla ya kuniaga, pale pale shuleni. Nilipata kitenge, keki, na hotuba nne zilizofanana. Bwana Sospeter alilia akasingizia vumbi. Daktari Mutalemwa alisema neno zuri kuhusu Wahaya, ambalo Wahaya huwa tunajisemea wenyewe bila msaada. Nilishukuru, lakini macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye viti vya nyuma. Vilikuwa vitupu. Kambini hakuja hata mmoja. Nikaumia, sitaficha, nikaumia sana, hadi nilipotoka nje na kukumbuka kuhesabu mbalamwezi. Tarehe ilipangwa na ofisi. Ilikuwa giza.

Nilivua viatu vya hafla, nikavishika mkononi na sahani ya keki, nikateremka kwa njia ile. Askari wa chuo alinifungulia mlango. Mama Kulwa alikuwa kwenye kichanja kipya, anageuza dagaa, pacha wake wakiwa bado na sare za shule wanafukuza ndege.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuaga. Kule juu wameshaniaga."

"Nimesikia makofi." Hakuacha kugeuza. "Walikuwepo wangapi wa huku?"

"Hakuna."

"Basi hujaagwa. Akidi haikutimia." Akachukua kipande cha keki, akakigawa katikati akawapa watoto. "Utaagwa mbalamwezi. Sisi hatujakuruhusu."

Mbalamwezi ilipotoka nilivaa kitenge changu kipya nikapanda shuleni, nimejiandaa kula wali na kulia kidogo. Uwanja ulikuwa umejaa, kambi nzima ipo, hata wazee wasiotoka nje. Mbele alikaa Mama Kulwa na wajumbe wake. Nikaonyeshwa kiti. Ndipo akasimama akasoma ajenda, nayo ilikuwa moja tu: nafasi iliyo wazi kwenye kamati ya shule, ya mjumbe wa kusimamia mlango, na jina lililopendekezwa lilikuwa langu. Nikanyoosha mkono kupinga. Nikasema nimechoka, nimezeeka, nina magoti. Mama Kulwa alinisikiliza hadi mwisho, akamwambia katibu aandike kwamba maoni yamepokelewa, akaita kura.

Nilitazama uwanja wote, mbele na nyuma, nikitafuta sababu ya kisheria. Akidi ilikuwa imetimia.